Konokono wa Vilindini Asiye na Jina: Kazi ya Kumwelezea Ikikwama, Kosa Litafute Huku

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya kuelezea spishi mpya za konokono, yaani kuzipa jina na maelezo rasmi ya kisayansi, hapa Kigoma niliketi mbele ya chupa yenye konokono watatu, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama. Mdomo wa duara, kitovu wazi, na mistari myembamba iliyozunguka gamba kama uzi kwenye kibiringo. Sikuwahi kuona wengine kama wale. Niliwapima na kuwachora majuma mawili mazima. Juma la tatu ndipo nikauliza walikotoka, nikakuta chupa haina karatasi ndani. Kibandiko kilikuwa nje tu, kimeandikwa kwa kalamu ya wino, na spiriti iliyomwagika ilikuwa imekifuta chote isipokuwa herufi mbili. Kituo hakijulikani, kina hakijulikani, tarehe haijulikani. Konokono walikuwepo, lakini kazi ilikuwa imekufa tangu siku walipotiwa chupani.

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa tangu siku ile, na ninaamini jambo moja kwa dhati: kazi ya kuelezea spishi mpya ikikwama kwenye hadubini, kosa mara nyingi lilishatendeka botini. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Tunaanza na unachokiona mezani, kisha tunarudi nyuma mpaka kwenye matope. Nimeuandika kwa kufikiria konokono wa vilindi vya Ziwa Tanganyika, lakini anayechambua vikonokono vya chini ya Bahari ya Hindi atakutana na dalili zilezile, na pale bahari inapotofautiana na ziwa nitasema.

Dalili: hafanani na konokono yeyote unayemjua

Hii ndiyo dalili inayofurahisha kuliko zote, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Umeweka tope chini ya lenzi, kikatokea kigamba cha milimita mbili, laini, chenye mizunguko mitatu tu, na moyo unaanza kudunda. Tulia kwanza. Swali la kuanza nalo ni hili: huyu ni mtu mzima au ni mtoto?

Konokono hatupi gamba lake la utotoni. Hulibeba kileleni maisha yote na kuongeza mizunguko mipya chini yake, kama nyumba inayojengwa kwa kurefushwa. Ndiyo maana mtoto wa spishi kubwa anaweza kuonekana mzima kabisa, akakosa tu miiba na vinundu ambavyo angevipata baadaye. Ziwani kwetu mtego huu ni mkubwa zaidi, kwa sababu jamii ya Lavigeria, wale wa mawe ambao kila mtoto aliyeogelea Bangwe au Katonga amewahi kuwakanyaga, hawaachi mayai yao nje. Mama huwalea wanawe ndani ya mwili na kuwazaa wakiwa na gamba tayari. Tiphobia horei, yule mwenye miiba mirefu anayekaa kwenye tope laini la kina kirefu, naye ni hivyohivyo. Watoto hao wakichukuliwa na maji hadi mahali ambapo mama zao hawaonekani, utawakuta wamekaa peke yao kwenye chekeche kama taifa la pekee.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua jike mzima wa kila spishi kubwa iliyopatikana karibu na kituo chako, mpasue taratibu, toa vitoto vilivyomo tumboni, uviweke kando ya mgeni wako chini ya lenzi moja. Tazama kilele: upana wa mzunguko wa kwanza, michoro yake, na ule mstari unaoonyesha mahali gamba la uchanga lilipoishia. Vikilingana, umepata mtoto wa jirani. Visipolingana, sasa tafuta dalili za utu uzima: mdomo ulionenepa ukingoni, mzunguko wa mwisho unaoshuka kidogo, na viungo vya uzazi vilivyokomaa. Bila walau moja ya hizo sithubutu kuandika neno "mpya".

Chanzo cha pili cha dalili hii ni chekeche chafu. Nilishuhudia konokono mmoja "wa ajabu" akitokea kwenye sampuli ya mita 80 na akitokea tena kwenye sampuli ya mita 5 iliyochukuliwa saa hiyohiyo, na katikati ya hapo hakuna kitu. Tulipokiinua chekeche kuelekea jua, tuliona vigamba vinne vimenasa kwenye wavu, vimekaa kama mbegu za nyanya kwenye meno. Tangu hapo kila baada ya kituo chekeche hugeuzwa, hupigwa maji kwa nyuma, husuguliwa kwa brashi laini, kisha hutazamwa dhidi ya mwanga. Ni dakika mbili. Na matundu yake yasizidi nusu milimita. Kwa konokono wadogo kweli mimi hutumia yaliyo madogo zaidi, la sivyo wale unaowatafuta ndio watakaorudi majini.

Dalili: lebo inataja kina ambacho hakuna kinachoweza kuishi

Hapa ziwa na bahari vinaachana njia. Chini ya bahari, hata kwenye maelfu ya mita, kwa kawaida kuna oksijeni, kwa sababu maji baridi ya ncha za dunia huzama na kutambaa chini yakiwa nayo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, lakini maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki vya kutosha. Upande wetu wa kaskazini oksijeni huisha kwenye mita 100 hivi, kusini huweza kufika mita 200 au kupita kidogo. Chini ya hapo ni maji yasiyo na pumzi, na tope lake ukilivuta juu linanuka yai viza. Pua yako ni chombo cha utafiti. Harufu hiyo iandikwe daftarini pamoja na kina.

Basi ukiona lebo inasema mita 300 na gamba ni zuri, sababu ni mojawapo ya tatu. Ya kwanza, gamba liliporomoka. Kingo za ziwa hili ni kuta za bonde la ufa, na mahali pengi mbele ya Kigoma ukienda mwendo mfupi tu kutoka ufukweni kamba inaanza kukosa sakafu. Ya pili, boti ilisogea. Kamba ilitoka mita 300, lakini upepo ulikuwa umeisukuma boti na kamba ikalala mshazari, kwa hiyo kina halisi kilikuwa kidogo kuliko urefu wa kamba. Ya tatu, mtu aliandika tarakimu vibaya.

Cha kutazama ni uhai. Je, kuna nyama ndani? Kuna kifuniko mdomoni? Gamba linapitisha mwanga, au limekuwa jeupe na butu? Gamba tupu si ushahidi wa makazi. Maji ya ziwa letu si ya tindikali, hivyo magamba hayaozi upesi. Yale makubwa ya Neothauma yaliyotapakaa sakafuni, ambamo samaki wadogo hufanya nyumba, mengine yamekaa humo mamia ya miaka. Kigamba chako kinaweza kuwa cha konokono aliyekufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na tangu hapo kimeshahama mara tatu.

Wenzetu wa baharini wanaijua shida hii vizuri, maana spishi nyingi za vikonokono vya vilindini zilielezewa kwa magamba matupu yaliyozolewa na tope. Kufanya hivyo kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina hazikatazi. Lakini ukifanya, andika wazi kwamba ulipata gamba tupu, na usiseme "anaishi mita 300". Sema "gamba lilipatikana mita 300". Maneno hayo mawili yanatofautiana kama kuonekana sokoni na kuishi sokoni.

Dalili: anafanana mno na konokono wa baharini

Hujawa wa kwanza kuona hivyo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na magamba aliyoyaokota Speke yaliwekwa mezani London mikononi mwa Woodward, mtaalamu wa magamba, aliyeyaelezea mwaka 1859. Yalimshangaza kila aliyeyaona: mazito, yenye vinundu na mistari kama ya pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Mwingereza J. E. S. Moore alikuja kuchunguza ziwa, na mwaka 1903 akatetea hoja kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale sana iliyonaswa katikati ya bara. Hoja hiyo ilianguka. Ziwa halikuwahi kuwa bahari, na wengi wa konokono wake ni ukoo wa maji baridi uliojijengea magamba magumu humuhumu, huku ukikabiliana na kaa wanaovunja magamba.

Ninaisimulia kwa sababu kosa la Moore linarudiwa kila mwaka na mtu mwenye hadubini mpya. Gamba ni vazi, na watu wa koo mbalimbali wanaweza kushona kanzu za mtindo mmoja. Hata vilindini mwa bahari kuna vikonokono vya mduara, vidogo kuliko milimita tano, vinavyofanana kama mapacha ilhali ni vya koo ambazo hazijuani kabisa. Anayepanga kwa gamba peke yake atawaweka wote kwenye jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu, na kujenga nyumba juu ya mchanga.

Unalolihitaji ni radula, ule utepe wa meno ulio kinywani mwa konokono, ambao hukwangulia chakula kama mbuzi ya nazi. Konokono wa ukoo wa Lavigeria ana meno saba kwa kila safu: moja katikati na matatu kila upande. Wengi wa wale wa mduara wa baharini wana meno mengi mno pembeni, yamepangwa kama upepeo. Ukiona saba, huyo si wa kundi hilo la meno mengi, ingawa baharini nako wapo wengine wenye saba.

Na radula yenyewe ina matatizo yake. Kwa konokono wa milimita mbili, utepe huo ni mfupi kuliko unyoya wa kope. Ukiyeyusha nyama kwa potasi kali na kuipasha moto kupita kiasi, au ukatumia dawa ya madoa ya nguoni kwa muda mrefu, utepe nao unakwenda na maji. Dalili ni kwamba umetazama kibakuli saa nzima na huoni kitu. Punguza ukali wa dawa, acha usiku kucha bila moto, na weka karatasi nyeusi chini ya kibakuli. Utepe utaonekana kama uzi unaometa. Usiunyanyue kwa koleo. Tumia unywele mmoja uliogundishwa kwenye kijiti. Mimi hutumia unywele wa brashi ya rangi, na huwa ninazuia pumzi ninapohamisha.

Dalili: gamba limekuwa kama chaki

Kama lilikuwa kwenye kimiminika, mtuhumiwa wa kwanza ni formalini. Ikikaa, formalini huzaa tindikali, na tindikali hula chokaa. Michoro midogo ya kilele, ambayo ndiyo utambulisho wa konokono mdogo, huwa ya kwanza kufutika. Hakuna dawa ya kuirudisha. Hamisha waliobaki kwenye spiriti leo.

Kama lilikuwa kavu, tazama kama kuna unga mweupe juu yake na vumbi lililokaa kama chumvi. Hayo ni maradhi yaliyofahamika kwa jina la Byne, Mwingereza aliyeyaandikia mwaka 1899. Mvuke wa tindikali kutoka kwenye mbao, boksi la karatasi na gundi hukutana na unyevu na kulila gamba. Kabati la mbao ni zuri kwa vyombo vya nyumbani, ila si kwa vielelezo. Suuza kwa maji safi, kausha vizuri, hamishia kwenye kiboksi cha plastiki, na hewa ipite chumbani hasa wakati wa masika. Pamba pia iepuke: nyuzi zake hushika mdomo wa gamba, na ukivuta unavunja ukingo.

Dalili: DNA haitoki, au inatoka ya kiumbe kingine

Hapa ninaomba msomaji akae kidogo, maana ni mahali ambapo kazi nyingi nzuri za vijana wetu hupotelea.

Konokono anapoguswa na spiriti hufanya kile alichozaliwa kukifanya: anajivuta ndani na kufunga mlango. Kifuniko chake kinabana vizuri kiasi kwamba spiriti inabaki nje, na yeye ndani anaoza polepole kwenye maji yake mwenyewe. Nje chupa inapendeza, ndani ni uvundo. Miezi sita baadaye unapeleka sampuli maabara, unarudishiwa DNA ya bakteria, au hakuna kitu.

Kuna njia tatu za kumzuia. Unaweza kumlaza kwanza kwa kuweka chembe za mentoli kwenye maji yake na kumwacha masaa kadhaa hadi atoke na asijikunyate akiguswa. Kwa wa baharini hutumika magnesiamu kloridi. Unaweza kumtumbukiza kwa muda mfupi sana kwenye maji yanayokaribia kuchemka, ili mwili ulegee kabla hajafunga. Au, kama una wengi, toboa au pasua gamba la wachache na uwaache wengine wazima kwa ajili ya umbo. Mimi hufanya yote kwa mgawanyo: wachache kwa DNA, wachache kwa mwili, wengine kwa gamba.

Kisha spiriti yenyewe. Ya dukani ya kusafishia vidonda kwa kawaida ni asilimia 70 hivi, nayo inafaa kwa kuhifadhi mwili, si kwa DNA. Ile ya rangi ya zambarau ya majiko ina vitu vilivyochanganywa makusudi, usiiguse. Kwa DNA tafuta asilimia 95 au 96, na uibadilishe baada ya siku moja, kwa kuwa konokono huyo mdogo amejaa maji na maji yake hushusha nguvu ya spiriti yote. Konokono wawe kidogo, spiriti iwe nyingi.

Kama uhifadhi ulikuwa mzuri na bado mashine ya kunakili DNA inakataa, shuku ute. Ute wa konokono, mzito kama mlenda, una sukari zinazokwenda pamoja na DNA na kuizuia kunakiliwa. Punguza mchanganyiko wako mara kumi kisha ujaribu tena. Inashangaza mara ngapi hili linatosha. Sehemu ya jeni ambayo wengi huanza nayo, ile ya mitokondria yenye urefu wa herufi 658 hivi, imetumiwa na wachunguzi wa viumbe wasio na uti wa mgongo tangu vianzio vyake, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, vilipotangazwa mwaka 1994. Ni mwanzo mzuri. Si mwisho, kwa sababu spishi zilizotengana majuzi huweza kubaki na jeni hiyo ya mama mmoja, na spishi zinazopandana huweza kuazimana. Gamba likisema wawili na jeni hiyo ikasema mmoja, ongeza jeni za kiini kabla ya kuamua ugomvi.

Jambo moja la uchungu: konokono wa milimita mbili akisagwa kwa DNA amekwisha. Piga picha zote kwanza, kila upande. Picha zikitoka na ukungu kwa sababu lenzi inaona unene mdogo tu, piga nyingi ukishusha lenzi kidogokidogo, kisha ziunganishwe kwa programu. Na kama kielelezo kinakwenda kwenye hadubini ya elektroni na picha inarudi ina michirizi myeupe, basi gamba halikusafishwa, halikukauka, au dhahabu ya kulifunika haikufika kwenye mikunjo.

Dalili: unahisi ana jina tayari, lakini huwezi kuthibitisha

Hisia hiyo iheshimu. Mfaransa Bourguignat, kati ya mwaka 1885 na 1890, alitoa majina mengi mno kwa magamba ya ziwa hili, na Lavigeria yenyewe jina ni lake, la 1888. Karibu kila tofauti ndogo ya kinundu au rangi aliihesabu kuwa spishi. Mengi ya majina hayo sasa ni visawe, yaani majina ya ziada ya spishi ileile, lakini kisawe hakifi. Ukigundua leo kwamba kundi fulani kweli ni spishi ya pekee, na Bourguignat alilipa jina zaidi ya miaka 130 iliyopita, jina lake ndilo litakalofufuka na lako litawekwa kando.

Tatizo la pili ni anwani. Maelezo mengi ya zamani yanasema mahali palipopatikana ni "Ziwa Tanganyika" basi. Ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi! Edgar Smith, aliyeelezea Neothauma tanganyicense, Tiphobia horei na wengine wengi mwaka 1880, hakuwahi kufika huku. Alikaa London na kupokea magamba kutoka kwa Hore, mmisionari aliyefika Ujiji mwaka 1878.

Hivyo usilinganishe konokono wako na mchoro wa zamani peke yake. Omba picha mpya za vielelezo vyenyewe. Vya Smith vipo London, vya Bourguignat vipo Geneva. Makumbusho hizo hujibu barua, na barua ya adabu, fupi, yenye namba ya kielelezo hujibiwa upesi zaidi. Omba kilele, mdomo na kitovu, vyote pamoja na kipimo. Kisha pima wako kumi au ishirini kama unao. Ukipima mmoja tu utaona tofauti ambayo ni ya mtu binafsi, kama vile mtu angepima urefu wa mwanamume mmoja wa Ujiji na kuuita urefu wa Waha.

Dalili: mhariri amelirudisha jina

Mara nyingi ni sarufi, na hapa Mswahili ana nafuu ambayo wengine hawana. Majina ya kisayansi yana jinsia, na sifa hufuata jinsia ya jenasi, sawasawa na ngeli zetu: mtu mrefu, kiti kirefu, jiti refu. Tazama: Neothauma ni jinsia ya kati, kwa hiyo tanganyicense, Martelia ni ya kike, kwa hiyo tanganyicensis. Woodward alimwita konokono mmoja Lithoglyphus zonatus. Alipohamishiwa jenasi nyingine, mkia wa jina ukahama naye, sasa ni Spekia zonata. Mtoto wa Kigoma anayejua kwa nini hatusemi "kiti mrefu" tayari ameielewa kanuni yote.

Ukimheshimu mtu, mwanamume hupata -i, mwanamke -ae, kundi la watu -orum au -arum. Na ukitumia nomino ya Kiswahili kama ilivyo, hiyo haibadiliki hata jenasi ikihama. Iandike tu wazi kwamba ni nomino. Ninawasihi wanaotoa majina waifikirie njia hii. Orodha ya ziwa letu imejaa Speke, Stanley, Kirk, Thomson, Storms na Hore. Waliowavusha kwa makasia, waliowaonyesha wapi pa kuzamisha wavu, hawamo. Kanuni haziwazuii kuingia.

Makosa mengine ya kukataliwa ni ya karani. Jina lisiwe limeshatumika ndani ya jenasi hiyohiyo. Ndani ya jenasi mbili tofauti ni ruhusa, ndiyo maana kuna Tiphobia horei na Reymondia horei. Sema waziwazi kwamba ni spishi mpya, na ueleze kinachomtofautisha na jirani zake. Taja holotaipu mmoja, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina, na taja taasisi itakayomhifadhi. Bila hilo, jina lolote lililotolewa baada ya mwaka 1999 halisimami. Kama makala inatoka kielektroniki tu, iandikishwe kwanza ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, na namba ionekane ndani ya makala. Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kiwe kimepatikana kabla ya boti kung'oa nanga, na makubaliano ya kupeleka vielelezo nje yawe yametiwa saini. Parataipu, vile vielelezo vingine vinavyotajwa pamoja na holotaipu, wabaki Tanzania. Hilo la mwisho kwangu si ombi dogo: mwanafunzi wa kesho asilazimike kupanda ndege ili amwone konokono aliyetoka umbali wa saa moja kwa boti kutoka kwao.

Na usitangaze jina kwenye bango la semina au tasnifu kabla ya makala kutoka. Halitahesabika, na litawavuruga wengine. Konokono wa magamba ya chuma wa Bahari ya Hindi, Chrysomallon squamiferum, aliyegunduliwa mwaka 2001 kwenye chemchemi za moto zaidi ya mita 2,400 chini, alizungumzwa duniani kote miaka mingi, lakini jina lake lilipata maelezo rasmi mwaka 2015. Miaka minne baadaye aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya viumbe walio hatarini, kwa sababu ya mipango ya kuchimba madini kwenye sakafu ya bahari anakoishi. Asiye na jina kwa kawaida haandikwi kwenye orodha kama hizo.

Dalili: una kielelezo kimoja tu

Kanuni zinakuruhusu. Baharini, ambako siku moja ya meli ni gharama kubwa na kilindi kiko mbali, wengi hawana la kufanya. Lakini sisi kituo chetu kiko mbele ya macho, na mtu wa Kigoma anayeelezea spishi kwa gamba moja bila kurudi majini, mimi simuelewi.

Mwaka jana nilirudi. Mzee anayetuendeshea boti kutoka Kibirizi alikuwa anafungua injini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado kile kidudu?"

"Bado. Ninaye mmoja tu."

Nilikuwa na namba za GPS, lakini yeye alitazama nchi kavu: aliulinganisha mnara na mti mkubwa ulioinama, kisha akatafuta pale kilima cha nyuma kinapojificha, kama wafanyavyo wavuvi wa dagaa wasio na chombo chochote. Akazima injini. Tulikuwa tumepishana na GPS kwa urefu wa boti tatu hivi. Tukangoja upepo utulie ili kamba ishuke wima, na kabla chombo hakijagusa maji nikaandika kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, tarehe, kituo, kina na mikono iliyovuta, nikaitia karatasi ndani ya chupa tupu.

Mzoo wa kwanza ulileta tope la kijivu na magamba yaliyovunjika. Wa pili, tope. Wa tatu tukaosha, tukageuza chekeche, tukaosha tena. Wa nne ulileta wawili, na mmoja alikuwa bado ametoa kichwa.